Kabla Nyumba Haijauzwa: Amri za Muda za Mahakama Wanandoa Wanapotengana

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa na wasaidizi wa kisheria, Temeke. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa.)

Mwenyekiti wa mtaa, viongozi wa vikundi, wasaidizi wa kisheria wa kata, wazee wetu, akina mama na akina baba, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Waandaaji walitaka hotuba ya talaka. Talaka nitaiacha leo. Imesemwa sana, na kila mtu hapa ana shangazi aliyebobea katika somo hilo. Nataka tuzungumzie miezi isiyozungumzwa: ile iliyo kati ya siku mmoja wenu anafunga begi na siku hakimu anasoma hukumu. Niwaulize. Nyumba ya ndoa huuzwa lini? Siku ya hukumu? Gari hubadilishwa jina lini? Akaunti ya benki hubakia na shilingi elfu mbili lini? Watoto hurudishwa kutoka shule kwa kukosa ada lini? Ni katika miezi hiyohiyo. Hukumu inakuja kugawa mali, inakuta hakuna cha kugawa.

Sheria imeliona hilo zamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29, inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri wakati shauri bado linaendelea: amri ya kuzuia mali isiuzwe, amri ya matunzo, amri ya watoto wakae na nani, amri ya kumkataza mtu kumsumbua mwenzake. Hizo ndizo amri za muda. Amri ya muda ni komeo, siyo hati miliki. Haisemi nyumba ni ya nani. Inasema nyumba ibaki ilipo mpaka ijulikane ni ya nani.

Niweke mipaka kabla sijaendelea. Ninayosema ni ya Tanzania Bara. Zanzibar mambo ya ndoa za Waislamu yana Mahakama za Kadhi na utaratibu wake. Namba za vifungu nitakazotaja ni zile mawakili walizozizoea miaka yote. Ukishika toleo la sheria lililorekebishwa karibuni, soma kichwa cha habari cha kifungu, usitegemee namba peke yake. Na mifano nitakayotoa ni ya kutunga, ingawa kuna watakaodhani nimewataja.

Ndugu zangu, kosa kubwa kuliko yote ni kusubiri. Na watu husubiri kwa sababu wameambiwa neno moja: "Nenda kwanza Baraza." Neno hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Kifungu cha 101 kinasema huwezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu) au la kanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha linatoa hati, Fomu Na. 3, na hati hiyo isiwe na umri wa zaidi ya miezi sita siku unayofungua shauri. Sawa. Lakini kifungu kinataja talaka. Hakikusema usilinde nyumba kabla ya Baraza. Hakikusema watoto wasile kabla ya Baraza. Hakikusema usiombe mahakama amri ya kutengana, ambayo ni kitu kingine: amri ya kutengana inawaondolea wajibu wa kuishi pamoja, ndoa inabaki, na wajibu wa kutunzana unabaki pale tu palipo na amri ya matunzo.

Tuchukue mfano. Mama mmoja yuko Chanika, ndoa miaka kumi na minne. Mume ameondoka, yuko kwa mwanamke mwingine. Mama anaitwa Baraza, mume haji. Anaitwa mara ya pili, haji. Wiki ya tisa mama anasikia kelele nje: vijana wanapima ukuta wa nyumba kwa futi kamba. Mnunuzi amekwishalipa. Mama analia kwamba alikuwa akifuata utaratibu. Kweli alikuwa akiufuata. Ila alifuata utaratibu wa talaka na kuusahau utaratibu wa nyumba.

Utaratibu wa nyumba uko kifungu cha 59. Nyumba ya ndoa, hata hati ikiwa na jina la mmoja tu, mwenye jina hilo haruhusiwi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, ndoa ikiwa bado ipo. Kifungu kinaongeza jambo ambalo watu hawalitumii: mwenzi asiye na jina anahesabiwa kuwa na maslahi katika nyumba, na maslahi hayo yanaweza kulindwa kwa kuweka zuio kwenye daftari la ardhi. Hapo hakuna kesi inayohitajika. Hakuna Baraza linalohitajika.

Unafanyaje? Kama kiwanja kina hati, unaanza na upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati. Upekuzi unakuambia jina lililomo kwenye daftari, namba ya hati, na kama kuna rehani. Usiruke hatua hii. Wapo walioweka zuio kwenye namba ya kiwanja cha jirani kwa sababu walinakili namba kutoka kwenye bili ya maji. Baada ya upekuzi unajaza fomu ya zuio, unaambatanisha hati ya kiapo inayoeleza una maslahi gani, cheti cha ndoa, na unalipa ada. Zuio hilo halikai milele. Mwenye hati anaweza kwenda Mahakama Kuu uitwe ueleze kwa nini lisiondolewe, na ukienda huna shauri lolote ulilofungua utapata shida ya kujieleza. Kwa hiyo zuio la Msajili linakupa muda tu, nao uutumie kufungua shauri.

Na wenye viwanja visivyopimwa, ambao tukisema kweli ndio wengi humu ndani? Daftari la Msajili halikusaidii maana kiwanja chako hakimo. Daftari lako ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mauziano mengi ya huku kwetu yanapita pale, mwenyekiti au mtendaji anashuhudia na kugonga muhuri. Andika barua mbili, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mtendaji. Eleza nyumba iko wapi, imepakana na nani kila upande, kwamba ni nyumba ya ndoa na hujaridhia iuzwe. Ambatanisha kivuli cha cheti cha ndoa. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapopoteza, hakikisha nakala yako imesainiwa na kugongwa muhuri wenye tarehe ya kupokelewa.

Kwa nini tarehe? Kwa sababu mnunuzi atakuja na neno moja: "Sikujua." Sheria inamlinda mnunuzi ambaye kweli hakujua na asingeweza kujua hata angeuliza kwa makini. Muuzaji naye humletea hati ya kiapo kwamba hana mke. Mnaijua karatasi hiyo. Inaapwa asubuhi na nyumba inauzwa mchana. Lakini Sheria ya Ardhi, kifungu cha 161, inamwekea mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia, na benki inayochukua nyumba ya ndoa rehani inabanwa vilevile na kifungu cha 114. Barua yako yenye muhuri inapokuwa kwenye faili la mtaa, mnunuzi hawezi tena kusema aliuliza akaambiwa hakuna tatizo. Na mwenyekiti aliyeipokea atafikiri mara mbili kabla ya kushuhudia mauziano.

Mwenyekiti anacheka. Anajua.

Na kama nyumba imeshauzwa kinyume cha kile kifungu cha 59? Mwenzi anaendelea kuwa na haki ya kuishi humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamuru vinginevyo, isipokuwa kwa yule mnunuzi wa "sikujua" wa kweli. Kwa hiyo mama wa Chanika asifungashe vyombo eti kwa sababu vijana wamekuja na futi kamba. Ukihama mwenyewe umemrahisishia kazi.

Nije kwenye zuio la mahakama lenyewe. Hili sasa linahitaji shauri lililofunguliwa. Linaambatana na shauri mama: la talaka, la kutengana, au la mali. Shauri mama likifutwa kwa sababu hati ya Baraza ilikuwa barua ya kawaida badala ya Fomu Na. 3, au ilipitwa na miezi sita, au Baraza halikukaa kabisa bali katibu alijaza fomu peke yake, zuio nalo linakufa siku hiyohiyo. Mahakama ya Rufani imekwishafuta mienendo ya mashauri kwa kasoro za hati hiyo. Fikirieni: miaka mitatu mahakamani, rufaa mbili, halafu mnaambiwa mrudi Baraza. Basi ikagueni hati hiyo mkiwa bado mlangoni mwa Baraza. Majina yote mawili yapo? Imesema wazi kwamba Baraza limeshindwa kupatanisha? Imesainiwa? Ina tarehe?

Mahakama inaangalia nini kabla ya kutoa zuio? Tangu shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, la mwaka 1969, hakimu anajiuliza mambo matatu. Je, kuna hoja ya maana ya kuamuliwa, au mwombaji anabahatisha? Je, bila zuio mwombaji atapata hasara ambayo fedha haiwezi kuirudisha? Na tukilinganisha, nani ataumia zaidi: mwombaji zuio likikataliwa, au mjibu maombi zuio likitolewa? Yote matatu lazima yaonekane kwenye hati yako ya kiapo. Mawili hayatoshi.

Akina mama wengi wanaogopa swali la kwanza. "Mimi nilikuwa nyumbani tu, hoja yangu ni ipi?" Hoja yako ina umri wa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ikasema kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kupika, kulea, kutunza nyumba mpaka mwenzako akaweza kwenda kazini: huo ni mchango. Kila mwanamke anayeingia mahakamani leo anaingia kwa mlango ambao Bi Hawa aliufungua. Lakini je, mnajua Bi Hawa mwenyewe alipata nini katika nyumba ile? Hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara kwa faida ya familia, naye akazitapanya, na hivyo akawa amekwishamaliza fungu lake. Alishinda kanuni, akakosa nyumba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Fedha uliyopewa na mwenzio ukaifanyia kazi, weka stakabadhi zake. Saruji uliyonunua, weka risiti. Mchango wa kikundi ulioingia kwenye bati, mwombe mweka hazina akuandikie.

Turudi kwenye hati ya kiapo, maana hapo maombi mengi mazuri hufa kifo cha kijinga. Kiapo kinabeba mambo ya kweli unayoyajua wewe. Hakibebi vifungu vya sheria, hakibebi ubishi, hakibebi maombi kwa mahakama. Hayo yana karatasi yake. Jambo uliloambiwa, sema uliambiwa na nani na kwamba unaliamini. Mwishoni kuna sehemu ya uthibitisho, unaposema aya zipi ni za ufahamu wako na zipi ni za taarifa kutoka kwa mwingine. Chini yake kuna sehemu ya kuapa: mahali, tarehe, mbele ya nani. Tarehe ikikosekana, wakili wa upande wa pili anasimama na pingamizi, na maombi yanatupwa kabla hakimu hajafika hata kwenye nyumba yako. Hilo tundu ni dogo, na limezamisha watu wengi.

Kingine ni kuomba kupita kiasi. Mtu anaandika: "Naomba mahakama izuie mali zote za mjibu maombi." Zote zipi? Hakimu hawezi kuzuia kitu asichokijua, na hawezi kuifunga biashara inayowalisha watoto walewale unaowatetea. Taja kiwanja kwa namba, kitalu na eneo. Taja gari kwa namba ya usajili. Taja akaunti kwa jina la benki na tawi, hata kama hujui namba. Hisa za SACCOS, taja chama. Ng'ombe, taja idadi, rangi na kijiji walipo. Na badala ya kuomba akaunti ya duka ifungwe yote, omba fedha isitolewe zaidi ya kiasi cha kununulia bidhaa na kulipa kodi. Ombi dogo lililopimwa hupata amri haraka kuliko ombi kubwa la hasira.

Kama hatari ni ya leo na kesho, unaambatanisha hati ya dharura na kuomba usikilizwe upande mmoja kwanza. Kawaida ni lazima upande wa pili upewe taarifa. Mahakama inaruka taarifa hiyo pale tu ambapo kumjulisha kungechelewesha mambo mpaka zuio likose maana. Kwa hiyo onyesha uharaka wenyewe: tangazo la kuuza, ujumbe wa dalali kwenye simu, mnunuzi aliyekuja kupima. "Nina wasiwasi" si uharaka. Na usifiche jambo linalokuumiza. Amri uliyoipata kwa kuficha, mwenzio akija kulieleza, itaondolewa, na hakimu hatakusahau.

Sasa mfano wa Fuso. Bwana mmoja ana lori, na anajua mambo yanaelekea wapi. Mwezi Machi anamuuzia mdogo wake kwa shilingi milioni tatu. Mwezi Juni mke anafungua shauri. Bwana anakuja mahakamani mikono mitupu: "Mheshimiwa, mimi sina gari." Je, mchezo umekwisha? Haujaisha. Kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kutengua uhamisho wa mali uliofanywa ndani ya miaka mitatu iliyotangulia, ikiridhika kwamba lengo lilikuwa kukwepa matunzo au kumnyima mwenzi haki yake. Na uhamisho ambao bado haujafanyika, mahakama inauzuia. Asiyeguswa ni mtu aliyenunua kwa thamani, kwa nia njema, bila kujua lengo hilo. Mdogo mtu aliyekula Idi nyumbani kwao na kusikia ugomvi wote atasema hakujua?

Lakini lazima mdogo mtu aunganishwe kwenye maombi. Mali iko kwa jina lake, na mahakama haiwezi kumnyang'anya mtu bila kumsikiliza. Ukimwacha nje, amri unayopata itayumba. Na ushahidi uwe wa mambo yanayoonekana: lori linalala wapi usiku, nani anampa dereva posho, milioni tatu ililipwa kwa njia gani, na bei ya lori kama hilo sokoni ni kiasi gani.

Mnauliza mahakama ipi. Kifungu cha 76 kinazipa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu uwezo wa kuanzia mashauri ya ndoa. Mahakama ya Mwanzo ni karibu na ni nafuu, na kwa matunzo inafaa sana. Lakini kama unataka amri itakayoenda benki, kwa Msajili wa Hati na TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, ushauri wangu ni kuanzia Wilaya, ambako Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai zinatumika na mazuio yana njia iliyozoeleka. Sisi wa Dar es Salaam tuna Kituo Jumuishi hapahapa Temeke kinachoshughulikia ndoa na mirathi, mahakama za ngazi tofauti jengo moja, kwa hiyo kisingizio cha kuzungushwa kimepungua.

Akina baba mmekaa kimya sana. Nakuja kwenu sasa, nazungumzia matunzo.

Kifungu cha 63 kinamtaka mume amtunze mke. Kifungu cha 115 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru matunzo pale mume alipokataa au kuzembea kutunza, pale alipotelekeza, na wakati wowote shauri la ndoa likiwa linaendelea. Angalieni hilo la kwanza: kukataa kutunza peke yake kunatosha. Hakuna talaka inayodaiwa hapo. Na sheria haikumwacha mwanamume nje: mume aliyeumia au kuugua akashindwa kujitafutia riziki, mkewe mwenye kipato anaweza kuamriwa amtunze. Wapo wanaume waliopooza wakaachwa kitandani, nao wana haki ya kuomba.

Na wale wa "tulikuwa tunaishi tu"? Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa watu kama mume na mke, wanachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na hata ikithibitishwa kwamba hakukuwa na ndoa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Majirani, balozi wa nyumba kumi, kadi ya kliniki yenye majina yote mawili: huo ndio ushahidi.

Kiasi kinapimwaje? Kwa uwezo wa anayelipa na mahitaji ya anayelipwa, kifungu cha 116. Mahakama inaangalia pia nani alichangia kuvunjika kwa ndoa, na desturi za jamii ya wahusika. Sasa, mama anakuja mahakamani anasema, "Naomba laki nane kwa mwezi." Kwa nini laki nane? "Maisha ni magumu, mheshimiwa." Hakimu atafanya nini na jibu hilo? Atakadiria mwenyewe, na makadirio ya hakimu asiye na karatasi huwa madogo. Mwingine anakuja na ukurasa mmoja. Kodi ya chumba na sebule 150,000, mkataba huu hapa. Chakula 8,000 kwa siku, kwa mwezi 240,000. Umeme na maji 30,000. Shule, nauli na madaftari ya watoto wawili 60,000. Jumla 480,000. Genge langu linaniingizia 180,000. Pengo ni 300,000. Huyo hajabembeleza, na amesema hata kipato chake mwenyewe. Hakimu anaanzia kwenye karatasi yake.

Upande wa uwezo wa mume, atakayesema "sina kazi maalumu" anajibiwa kwa vitu: hati ya mshahara, makadirio ya kodi ya TRA, leseni ya biashara, mikataba ya wapangaji, picha za duka likiwa wazi. Na wewe baba ambaye kweli biashara imeanguka, usikae nyumbani ukanuna. Nenda na vitabu vyako. Amri ya matunzo inaweza kubadilishwa hali ikibadilika, lakini haijibadilishi yenyewe. Ukipunguza malipo kwa mamlaka yako, deni linapanda kila mwezi.

Kwa watoto kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomhusu kila aliye chini ya miaka 18, awe wa ndoa au wa nje. Mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, gharama za maisha ya eneo, na watoto wengine wanaomtegemea mzazi huyo. Afisa ustawi wa jamii anaweza kutumwa nyumbani kwenu kuandaa taarifa, na taarifa yake ina uzito; usimpokee kwa matusi. Mtoto chini ya miaka saba sheria inadhani ni vyema akae na mama, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Anayebaki bila watoto aombe siku za kuwaona hapohapo kwenye maombi ya muda, ziandikwe siku na saa. "Atawaona atakapopenda" ni mwanzo wa ugomvi mlangoni.

Na fedha isilipwe mkononi. Ada iende kwenye akaunti ya shule. Matunzo yapite benki au kwenye simu, namba moja iliyotajwa kwenye amri, tarehe moja ya mwezi. Anayelipa analindwa na ujumbe wa muamala, na anayelipwa pia. Kama mlipaji ni mtu wa kukwepa lakini ana nyumba za kupangisha, omba dhamana: kifungu cha 117 kinaruhusu mali iwekwe mikononi mwa wadhamini ili kipato chake kilipe matunzo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Amri imetoka. Mama anaikunja, anaiweka kwenye pochi, anarudi nyumbani na furaha. Amri iliyo kwenye pochi inamzuia nani? Msajili wa Hati hajui. Meneja wa benki hajui. Siku hiyohiyo chukua nakala zenye muhuri wa mahakama, ziende kwa mjibu maombi kupitia msambaza hati wa mahakama, na nyingine benki, kwa Msajili, TRA kama ni gari, serikali ya mtaa kama ni kiwanja kisichopimwa. Kila mahali upate saini na tarehe ya kupokea. Bila uthibitisho huo, siku akikiuka huwezi kumshitaki kwa kukaidi, maana atasema amri hajaiona. Ukiwa nao, mahakama inaweza kukamata mali yake na hata kumpeleka jela ya madai. Kama naye anakuja usiku kugonga mlango na kukutisha, omba amri ya kifungu cha 139 inayomkataza kukulazimisha uwe naye na kukusumbua, na nakala yake ipelekwe kituo cha polisi.

Halafu tarehe. Zuio la muda chini ya Kanuni za Madai, sehemu inayoitwa Amri ya 37, haliwezi kuzidi miezi sita. Linaweza kuongezwa, ila jumla yake isizidi mwaka mmoja, na anayeomba nyongeza lazima aonyeshe kwamba amekuwa akisukuma shauri lake. Sikilizeni vizuri: aliyeomba ahirisho mara nne hawezi kuonyesha hilo. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, na peleka maombi ya nyongeza wiki tatu kabla. Zuio likiisha Ijumaa, nyumba inaweza kuuzwa Jumamosi, na atakayeuza hatakuwa amekiuka amri yoyote. Asiyeridhika na zuio naye ana njia: anarudi mahakama hiyohiyo kuomba libadilishwe au liondolewe. Kuvunja kufuli si njia.

Nimesema ya kutosha, na jua limeshafika kwenye viti vya nyuma. Wasaidizi wa kisheria wako meza ile ya kitambaa cha bluu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Mje na cheti cha ndoa au jina la balozi anayewajua, karatasi yoyote ya kiwanja hata kama imechanika, na orodha ya matumizi ya mwezi. Wenye hati ya Baraza inayokaribia miezi sita watangulie foleni. Wengine tutaanza na maswali.